Mkono wa Kushoto wa Mshiriki Namba Saba

Jumatatu, 2 Agosti 2021

Kuanzia leo chuo kikuu kizima cha Kensington hakiwezi kusonga mbele bila mkono wangu wa kushoto. Si majivuno. Sanduku limeletwa mchana na mtu wa posta, jina langu limechapishwa kwa mashine, Mr. Kiptoo, na yule kijana wa posta aliniangalia kwa heshima mpaka akarudi nyuma hatua mbili. (Siku hizi wote wanarudi nyuma hatua mbili, lakini huyu alirudi kwa namna yake.)

Ndani kuna saa nyeusi, kioo laini kama jicho la ng'ombe. Imetoka kwa Jepchumba, binti ya dada yangu, anayesomea mambo ya kompyuta huko. Anatafuta digrii ya pili. Amekusanya watu kumi na wawili wa jamii yetu hapa Sydney, waliopita miaka hamsini, wavae saa wiki sita. Wale kumi na mmoja ni wa kujaza nafasi. Mimi nimechaguliwa. Mshiriki namba saba!

Alinieleza kwa simu ya video, maana kuja hawezi. Kwa hii korona ruhusa ya kutoka ni kilomita tano tu, na Kensington mpaka hapa Ingleburn ni zaidi ya arobaini. Ati saa ina laini yake ndani kama simu. Kila baada ya sekunde chache inatuma mapigo ya moyo, hatua, usingizi na oksijeni ya damu. Inatuma wapi? Kwa wingu. Huko kuna programu inayosoma papo hapo, haingoji jioni, na ikiona kitu hakiko sawa inampigia kengele yeye.

Nikamuuliza, wingu gani? Nimetazama juu wiki nzima, Ingleburn haina wingu hata la kufutia pua.

Akacheka mpaka akaweka simu chini. "Anko, wingu si la juu! Ni majengo. Makubwa, yamejaa mashine kwa rafu, baridi kama friji. Mengine yako huko kwenu magharibi, hayana hata kibao."

Wingu lililo chini, ndani ya jengo, bila kibao! Mtu aliyetembea dunia kama mimi haulizi zaidi. Anaandika.

Akaniuliza kama imenikaa vizuri. Nikamwambia imenikaa kama pete ya askofu.

Jumanne, 3 Agosti

Saa iko kwenye droo, chini ya soksi.

Nimelifikiria jambo hili kwa akili. Hatua, sawa. Lakini usingizi? Mtu akijua saa unayolala fofofo, si ndiye ajuaye saa ya kuja kugonga mlango? Na jana wanajeshi wamepita mtaani na polisi, wawili wawili, wakiuliza kama walioambiwa wakae ndani wako ndani. Walikuwa na adabu. Adabu ndiyo inayonitia shaka. Na Villawood si mbali na hapa, kule wanakowafungia wasio na karatasi. Zangu ni safi kabisa. Lakini karatasi ni karatasi.

Saa nne asubuhi simu. Jepchumba. "Anko, namba saba haina mapigo. Ama umekufa ama hujavaa."

Nikasema niko bafuni.

"Saa haiogopi maji, Anko."

Nikasema basi natoka bafuni.

Sikuwa na njia. Térence alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu aende kazini. Térence ndiye ninayeishi naye, Mrundi, miaka thelathini na nne, mkono kama fimbo ya mwavuli. Amekulia kambini Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha kubembeleza, na Kifaransa kidogo cha kupambia. Nikamwambia, nivalie hii, ni heshima kubwa. Akaigeuzageuza.

"Lakini hii montre ni yako, mzee. Moyo wangu na wako si mmoja."

Nikamwambia moyo ni moyo. Mashine haijui Mrundi wala Mkalenjin.

Akavaa. Ikafunga tundu la tatu. Haikupita dakika, ujumbe: *Karibu tena duniani Anko!!* na picha za mikono inayopiga makofi.

Acha wasome. Wakimtafuta Kiptoo watamkuta Térence. Mtu wa hesabu huwaachia mbwa nyayo zisizo zake.

Jumamosi, 7 Agosti

Siku ya ushindi!

Jepchumba anatukusanya kwa Zoom kila Jumamosi, washiriki wote, anaonyesha grafu. Majina hayaonyeshwi, namba tu. Ati kamati ya maadili ya chuo ndiyo imeamua, na ndiyo iliyokataza saa isionyeshe mtu yuko wapi. Hiyo ya pili sikuiamini. Kitu kinachojua damu yako kitashindwa kujua mtaa wako?

Namba saba: hatua elfu ishirini na tatu kwa siku. Anayefuata ana elfu nane. Watu wakaguna. Namba saba ni nani? Ni nani huyo? Mimi ni mtu mnyenyekevu, nilingoja karibu sekunde nne.

Omollo akafungua maikrofoni. Huyu alikuwa mwalimu Kisumu na mpaka leo anaongea kana kwamba tumeketi sakafuni mbele yake. "Kiptoo! Na hilo tumbo? Unazitembea hizo hatua au unazisimulia?"

Walicheka, hata mama mmoja wa kanisani ambaye huwa hacheki.

Nikamjibu kwa upole. Nikamkumbusha kwamba mwaka wa themanini na tisa nilikimbia kutoka Kapsabet mpaka Eldoret na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kichwani, na tone halikumwagika. Nilipofika maziwa yalikuwa yameiva kuliko yalivyotoka. Mzungu mmoja wa mashindano alinifuata kwa gari akitaka saini yangu, nikamwambia nina ng'ombe wa kukamua. Omollo alijifanya mtandao umekatika.

Na hatua zenyewe? Mimi toka uwanja wa ndege ulipofungwa niko nyumbani. Pale nilikuwa naongoza magari mia nne, wakati mwingine sabini kwa mkupuo mmoja. Ya mizigo, ya kusukuma, ndiyo, lakini kuongoza ni kuongoza. Sasa natoka jikoni naenda kwa kochi kutazama taarifa ya saa tano, nahesabu wagonjwa wa leo, narudi jikoni. Térence ndiye anayetembea. Anachukua bidhaa kwenye ghala la vyakula hapa Ingleburn, sehemu ya baridi, toka rafu hii mpaka ile, siku nzima. Kwa kuwa nyumba ni yangu, yaani jina langu ndilo la kwanza kwenye mkataba, ukitazama vizuri hatua zinatoka nyumbani kwangu.

Alhamisi, 12 Agosti

Leo Térence amenieleza jambo. Ghalani ana mashine nyingine, mkono wa kulia. Inamwambia rafu gani, boksi gani, na inahesabu. Akisimama dakika mbili inalia, na msimamizi anaiona palepale kwenye kioo chake ofisini. Jina la Térence linageuka jekundu.

Kwa hiyo huyu ana mawingu mawili, moja kila mkono! Nikamuuliza kama yanaongea yenyewe kwa yenyewe. Akafikiri. "Yangekuwa yanaongea, mzee, hii ya kushoto ingeiambia ile ya kulia imwache mtu akojoe."

Nimecheka. Lakini nimeliandika.

Jumanne, 17 Agosti

Jepchumba anapiga karibu kila siku. Zamani ilikuwa Krismasi tu! Leo: moyo wangu ukipumzika unapiga hamsini na nne. Ati mwalimu wake amesema huo ni moyo wa mwanariadha, na kwa mtu wa miaka hamsini na nane ni ajabu. Anataka kuniandikia sura nzima kwenye kitabu chake cha digrii. "Wewe ndiye sura ya nne, Anko! Ile programu yangu inajifunza kawaida ya kila mtu, ndio ijue siku mtu akitoka kwa kawaida yake. Yako ndiyo safi kuliko zote."

Nikasema, nilikuambia. Hamkusikia.

Baadaye nimekaa na shaka. Mwalimu anasema "ajabu". Mzungu akisema ajabu hajakusifu, anakuuliza. Watakuwa wamenishtukia? Wametuma mtoto wangu mwenyewe anipeleleze? Na mama yake, dada yangu huko nyumbani, amenitumia ujumbe leo: *nasikia una moyo mzuri*. Kumbe wingu linafika mpaka Kapsabet!

Jumapili, 22 Agosti

Térence ana mambo.

Juzi alianza kula chumbani. Jana ametenga kikombe chake, amekiandika T kwa kalamu nyekundu. Leo amevaa barakoa jikoni. Jikoni! Mtu anavaa barakoa akipika maharage? Nilipoingia akasogea mpaka dirishani akafungua, na baridi hii ya Agosti.

Nikamwambia, bwana mdogo, siku hizi unaniona nanuka?

"Hapana, mzee. Ni mafua tu, ya ile friji ya kazini. Sitaki nikupe."

Mafua. Mimi nimeishi na watu. Mtu anayeficha mdomo anaficha harufu. Ameanza kunywa. Au kuna mwanamke huko ghalani na ndiye aliyevalishwa saa yangu! Maana Jepchumba kapiga: moyo wangu unapumzika kwa themanini sasa, si hamsini na nne. "Umekula nini, Anko? Una stress?"

Nikamwambia ni mawazo ya nchi.

Jumanne, 24 Agosti

Tisini na sita, akiwa amelala. Namaanisha mimi, nikiwa nimelala.

Jepchumba anataka nikapimwe korona. Palepale, kwa gari, wanakuingizia kijiti puani. Nikamwambia mimi sina hata chafya. Na ni kweli! Nimekula mara tatu. Sasa nashuku hii ni mitego. Amejua saa si mimi ninayeivaa, anapandisha namba kwa makusudi ili nikiri mwenyewe. Kompyuta si yake? Hawezi kuandika tisini na sita pale palipokuwa hamsini? Mtu wa darasa la saba huwa wanamwona mjinga. Ila darasa la saba langu mimi lilikuwa la wakati ule.

Térence karudi saa kumi. Kuna ngazi tatu tu mlangoni. Alisimama kwa ya pili.

Alhamisi, 26 Agosti

Siku mbaya kidogo.

Asubuhi Térence ameivua saa akanipa kwa ncha za vidole, mkono umenyooshwa kama anayelisha mamba. "Chukua montre yako, mzee. Inatetemeka tu. Jana kutwa, trr, trr. Watu kazini wanadhani ni simu."

Macho yake yako ndani. Nikamwambia irudishe mkononi, ndivyo inavyosalimia.

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akaenda kukohoa nje karibu na mapipa, mbali. Mbali nami. Nilimtazama kwa dirisha. Nikawaza: huyu hanywi. Mlevi hakohoi akiwa ameinamia upande wa pili wa nyumba ili asikusumbue.

Nikamfuata mlangoni nikasema, leo usiende. Akasema akikosa leo watampa mwingine zamu, yeye si wa kudumu, anaitwa kwa siku. Basi tembea polepole, nikamwambia.

"Nikitembea polepole, mzee, ile nyingine inalia."

Akavaa zote mbili, akaondoka.

Nilishika simu nimpigie Jepchumba. Nililitafuta jina lake kabisa, kidole juu ya picha yake. Kisha nikawaza: ile sura ya nne. Ameniambia imeshaandikwa nusu, mwalimu ameipenda, wiki ijayo anaitoa mbele ya watu. Nikisema sasa, namba saba yote ni ya kutupa. Na keshokutwa ni Jumamosi. Omollo atacheka mpaka Krismasi, na ya mwaka kesho ataanzia pale alipoachia.

Nitasema Jumapili. Nikimaliza Jumamosi vizuri, Jumapili nasema.

Ijumaa, 27 Agosti

Nitaandika yote kwa mpangilio. Hakuna wa kusoma.

Saa nane na robo mchana. Nimemaliza ugali na sukuma, nimenyoosha miguu. Simu. Jepchumba, sauti imepasuka.

"Anko usisimame! Uko wapi?"

Kwa kochi.

"Oksijeni yako ni themanini na sita. Moyo mia na thelathini na moja. Unapumua?"

Napumua kama fahali, nikasema.

"Hivyo ndivyo huu ugonjwa unavyodanganya, Anko. Mtu anaongea vizuri na huku anazama. Nimeshaita ambulensi. Fungua mlango wa mbele, kaa chini, usitembee. Tafadhali." Na alikuwa analia. Mtoto huyu sijamsikia akilia tangu alipofukuzwa na bata bukini akiwa na miaka minne, mimi ndiye niliyembeba.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Jina moja tu: Térence. Niliiona nafasi, pana kama lango la uwanja wa ndege.

Nikasema: "Sawa, mama."

Akakata aongee na wa ambulensi. Nikabaki na nyumba kimya. Na nilichofanya ni hiki. Nililala kwa kochi. Nikaenda bafuni nikajimwagia maji usoni yaonekane jasho, nikarudi nikalala tena. Nikajipangia: watakuja, nitakohoa kidogo, watanipima, watasema amepata nafuu, wataenda. Jioni namvua Térence saa naitupa mtoni. Mtu mzima, baba wa watu, naufanyia kikohozi mazoezi! Na pale, kilomita mbili tu kutoka kochi hili, themanini na sita inasukuma maboksi kwenye baridi, mkono mmoja unamwambia simama na mwingine unamwambia usisimame.

Wamechelewa, siku hizi magari ni machache. Nimehesabu baadaye kwa simu. Dakika ishirini na sita. Kwa dakika hizo mtu anafika ghalani kwa miguu. Hata mimi.

Wameingia wawili, wamejifunika plastiki mpaka machoni, mwanamke na mwanamume. Jepchumba yuko kwa spika. Mwanamke akanibana kidole na kidude chake. Tisini na nane. Akakipangusa, akabana kidole kingine. Tisini na nane. Nikakohoa. Hakunitazama hata.

Jepchumba kwa spika anasema kwa Kiingereza, saa inasema themanini na nne. Sasa hivi. Inashuka.

Yule mwanamke akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza polepole, kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia kwenye nyasi. Akauweka chini. Akashika wa kulia, akaugeuza. Kisha akaniuliza taratibu, kwa Kiingereza kile cha kumuulizia mtoto:

Saa iko wapi?

Nilisikia friji ya jikoni ikiwaka.

Nikasema. Jina, ghala, mtaa, mlango wa nyuma, sehemu ya baridi. Sijawahi kusema kitu kwa ufupi namna hiyo maishani mwangu. Hakunigombeza. Alishaanza kuongea na redio akiwa anakimbia, na gari likaondoka na king'ora. Yule mwanamume alibaki nyuma sekunde tu, akaniambia nisitoke nyumbani, watakuja kunipima, na akafunga mlango kutoka nje. Alifunga kwa adabu.

Jepchumba alikuwa bado yuko kwa simu.

"Tangu lini, Anko?"

Tangu siku ya pili.

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Wanajeshi, Villawood, majengo yasiyo na kibao, nani anataka kujua nalala saa ngapi na kwa nini. Nilieleza vizuri sana. Nilifika mahali nikaanza kujiamini mwenyewe. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, Anko," kwa sauti ya mtu anayefunga kitabu. Ya sura ya nne hakuitaja. Mimi pia sikuitaja.

Saa tisa kasoro akanitumia kitu cha kufungua kwa simu. Ameandika: *Tazama na mimi. Siwezi kutazama peke yangu.*

Kumbe ndicho hicho anachokiona kila siku. Mstari mwekundu unaokwenda, unapanda unashuka, na juu yake *07*. Si picha ya mtu, si sauti, si mtaa. Mstari tu. Mtoto amekaa chumbani kwake Kensington wiki hizi zote, haruhusiwi kumtembelea mtu, anatazama mstari anasema huyo ndiye Anko wangu.

83. 83. 84. Moyo mia na arobaini. Nimesahau hata kukaa.

Saa tisa na dakika sita: 85. Halafu 88. Halafu 91! Jepchumba ameandika herufi kubwa tupu: WAMEMFIKIA. WAMEMWEKEA OKSIJENI. Nimepiga kelele peke yangu humu ndani. Nimeingia chumbani kwa Térence sijui kufanya nini, kitanda kimetandikwa, kile kikombe cha T kimeoshwa kimepinduliwa juu ya karatasi. Nimetoka.

89. 90. 90.

Saa kumi na dakika kumi mstari umekatika. Haukushuka. Umekatika tu, kama siku ile ya droo.

Nimempigia. Anasema labda wamefika hospitali wamemvua saa, wamwekee mashine zao. Hospitali huvua. Au betri. Labda. Alisema labda mara tatu na sikumpenda kwa hiyo ya tatu. Nimepiga hospitali mimi mwenyewe. Wamenisubirisha kwa muziki, kisha mtu akauliza jina lake la pili, hilo nalijua. Tarehe ya kuzaliwa, sikujua. Akauliza: wewe ni nani wake? Mimi huwa nina majibu mengi kwa swali hilo. Mimi ni nani. Nimesema naishi naye. Akasema atapigia familia.

Sasa ni saa kumi na moja. Jepchumba ameniomba namba iliyochapwa kwenye sanduku la saa, aangalie kama ni betri iliyokwisha au la. Nimelitoa sanduku chini ya kitanda. Namba iko ndani, chini kabisa, ilibidi ninyanyue ile karatasi ngumu.

Chini ya karatasi kuna mkanda wa pili wa saa. Umefungwa kwenye plastiki, haujaguswa. Mrefu.

Nimemtumia namba. Anaangalia. Mstari bado.

Habari za mkanda sijamtumia. Naziandika hapa, kisha nitaona kama nitaweza kumwambia. Ile Jumatatu saa ilipofika niliivaa kabla sijawaza serikali, wala wanajeshi, wala wingu. Niliivaa kwa furaha. Mkanda haukufika. Nilivuta, nikabana pumzi kana kwamba mkono nao una tumbo. Ulibaki upana wa kidole. Na mtoto akauliza imekukaa vizuri, Anko, naye anangoja tu nimwambie.

Huu mrefu nimeujaribu sasa hivi, hivyo hivyo, bila saa. Umefika tundu la pili na nafasi imebaki.

Haikunienea. Ni hilo tu.